Salamu Isiyomwamsha Aliyelala

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya futari, Kariobangi, Nairobi)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu yangu kijana, leo sisemi juu ya fadhila za kukesha. Masheikh wetu wamezisema, na kumi la mwisho watazisema tena, inshaallah. Nataka kusema na wewe unayekesha bila kupenda. Saa nane za usiku umelala chali unahesabu mabati, usingizi umekataa, na kesho nyumbani watakuita mvivu.

Sisi wa Kariobangi kelele tunazijua. Mchana ni nyundo za mafundi wa Light Industries. Usiku ni honi za matatu huko Outer Ring, redio ya jirani nyuma ya ukuta, na humu ndani TV, mtoto mchanga na sufuria za daku. Tumezizoea. Ndiyo maana mtu akikosa usingizi ghafla hazishtaki kelele, anajishtaki mwenyewe. Anadhani anaingiwa na wazimu, au ana jini, au amemkosea Mola wake. Mimi pia nilidhani hivyo.

YALIYONIPATA

Ilikuwa Ramadhan ya mwaka 2020, ule mwaka wa korona. Shule zimefungwa tangu Machi, misikiti imefungwa, taraweh tunaswali nyumbani, na kafyu inaanza saa moja jioni. Tarehe 4 Mei matingatinga yakaingia Kariobangi North, kwenye kile kijiji cha karibu na mitambo ya maji taka. Maelfu ya watu walibaki nje, na ilikuwa msimu wa mvua. Wengi wenu mnakumbuka.

Khalati yangu alikuwa mmoja wao. Akaja kwetu na mumewe na watoto watatu. Tulikuwa watu sita katika vyumba viwili, tukawa kumi na mmoja. Mimi nilikuwa na miaka 16.

Usiku wa kwanza sikulala. Nikasema ni kwa sababu tumebanana. Wa pili vile vile. Kufika wa tano nilianza kuogopa magharibi ikiingia. Mchana nalala kama gogo, usiku macho makavu, na nikamficha kila mtu.

Binti mdogo wa khalati, wa miaka minne, alikuwa akilia usingizini kila usiku. Usiku mmoja niliinuka nikamfokea mbele ya mamake: "Nyamaza wewe, umetumalizia usingizi!" Nyumba nzima ikanyamaza. Yule mtoto akajikunja kama aliyeona tingatinga jingine. Ndugu yangu, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, si usingizi nilioukosa.

Kesho yake jioni mama akaniita kando tukitayarisha futari. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, tangu lini hulali?" Nikalia mbele yake, mtu mzima mimi na ndevu zimeanza kuota.

MBONA USINGIZI UNAKIMBIA?

Kwanza ni umri. Wataalamu wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 mpaka 10 katika kila saa 24. Lakini katika umri huo huo melatonini, yaani homoni inayouambia mwili kuwa usiku umeingia, huchelewa kutoka. Basi usipohisi usingizi saa tatu, si ubishi.

Pili ni hofu. Mtu aliyeshtuka mwili wake hukaa macho kama askari wa lindo. Kelele iliyokuwa haimshughulishi jana, leo inamwamsha.

Tatu ni sisi wenyewe. Unalala mchana kutwa kufidia, halafu usiku unajilazimisha, kila mara unatazama saa. Godoro linageuka uwanja wa vita, na mwili unajifunza kwamba pale si mahali pa kulala.

FANYA HIVI

1. Chagua saa moja ya kuamka uishike kila siku, hata kama hukulala. Ramadhan ukirudi kulala baada ya Alfajiri, pia amka saa ile ile. Qailula ni nzuri, lakini dakika 20 au 30 zinatosha, na iwe kabla ya Alasiri.

2. Usingizi ukikataa, usipigane nao. Inuka, kaa kwenye kigoda au uegemee ukuta, lete dhikri taratibu, ulale tena ukianza kusinzia. Saa usiitazame.

3. Punguza chai ya rangi, kahawa na soda za kola baada ya futari. Kafeini hukaa: baada ya kama saa tano nusu yake bado imo mwilini. Na miraa ndiyo usiiguse kabisa.

4. Simu iweke mbali. Mwanga wake unachelewesha usingizi, na habari zake zinaamsha moyo.

5. Pamba masikioni, leso machoni, na ulale mbali na mlango na TV.

6. Usinunue dukani vidonge vya mafua au vya kujikuna eti vikulaze. Hiyo si dawa ya jambo hili.

7. Sema. Hili ndilo kubwa. Mwambie mama, baba, nyanya, au mwalimu wa madrasa. Ikiwa wiki zinapita hulali, au moyo umekuwa mzito hata unawaza kufa, nenda kituo cha afya pamoja na mtu mzima unayemwamini. Ipo pia namba 116, ya bure, kwa ajili ya watoto walio katika shida.

NA NYINYI WAZAZI

Miqdad (R.A.) ametueleza, katika hadithi iliyomo kwa Imam Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia usiku anatoa salamu ambayo aliye macho anaisikia na aliyelala haimwamshi. Hebu ipimeni salamu hiyo. Yeye ni Mtume, na salamu ni ibada, lakini aliipunguza sauti kwa ajili ya mtu aliyelala. Sisi tunapandisha TV mpaka saa sita.

Na hata Qur'ani. Imepokewa kwamba akiwa katika itikafu aliwasikia watu wakisoma kwa sauti za juu, akawakataza wasiudhiane. Basi na tunaowaamsha watu kwa vipaza sauti wakati wa daku tujiulize. Ukuta wa pili yupo jirani asiyefunga, ana mtoto wa shule na yeye.

Kwetu hatukupata nyumba nyingine. Mama alipanga tu. TV inazimwa baada ya taraweh. Vyombo vya daku vinatolewa kabla ya kulala, ili sufuria zisigongane saa kumi. Watoto wadogo chumba cha ndani, mimi kwenye kona ya mbali na mlango. Redio ya jirani iliendelea mpaka baba alipokwenda kumsalimia kwa adabu, naye akaipunguza kidogo. Kidogo tu.

Sikulala siku ile ile. Ilinichukua kama wiki mbili. Lakini usiku ule wa kwanza baada ya kumwambia mama, nilikuwa macho bila hofu, kwa sababu nilijua kuna mtu anayejua.

Na yule mtoto? Nilimwomba msamaha, ingawa alikuwa mdogo. Akilia usiku, mimi niliye macho ndiye niliyemwita kwa jina lake, polepole, ili wengine wasiamke. Leo ni msichana wa shule, na analala mpaka tunamwamsha.

Ndugu yangu, usiku wa leo ukiingia nyumbani, ingia na salamu ile. Na kama ni wewe usiyelala, usingoje usiku wa tano.

Tunamwomba Allah (S.W.) azijaalie nyumba zetu utulivu na atutakabalie funga zetu. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.