SIKU NNE ZA KUPE

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waliosoma zamani, walimu na wanafunzi, siku ya mkutano wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya mifugo. Waliotangulia wamezungumzia mambo makubwa ya nchi. Mimi nitazungumzia mate ya kupe.

Nilipokuwa kidato cha pili nilipata barua kutoka nyumbani. Mitamba wawili waliowekwa kwa ajili ya ada yangu walikuwa wamekufa kwa ndigana kali. Baba alieleza kwamba hawakupelekwa joshoni kwa wiki mbili, kwa kuwa kupe walioonekana masikioni walikuwa wa kuhesabika. Mjomba ndiye aliyeniokoa mwaka ule. Baadaye sana, nikiwa kazini, ndipo nilipoelewa kosa letu: tulihesabu kupe, hatukuhesabu siku.

Ndigana kali huletwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa na kupe wa masikio, yule wa rangi ya kahawia. Kupe huyu hunyonya mara tatu maishani: akiwa lava wa miguu sita, akiwa tunutu, na akiwa mzima. Lava au tunutu akinyonya ng'ombe mwenye ugonjwa huanguka na kijidudu tumboni. Akishajibadili, hupanda ng'ombe mwingine, na kijidudu sasa kimo ndani ya tezi zake za mate. Lakini kwa kawaida siku ile ya kwanza bado hakijakomaa.

Tezi hizo zina umbo la vishada viwili vya zabibu, kimoja kila upande wa mwili. Kupe mwenye njaa ana tezi ndogo, nazo humsaidia kuvuta unyevu wa hewani asikauke. Akishauma tu, kiwanda kinafunguliwa. Kwanza hutoa utomvu unaoganda kama saruji ili ashike vizuri kwenye ngozi. Kisha tezi zinanenepa siku hadi siku, na vimeng'enya vinaanza kazi.

Katika jamii nyingi za kupe kuna kimeng'enya kiitwacho apirasi. Mnyama akijeruhiwa, kemikali iitwayo ADP huziita chembe ndogo za damu zije kuziba tundu. Apirasi huivunja kemikali hiyo, na tundu linabaki wazi. Kimeng'enya kingine huendesha pampu ya chumvi za sodiamu na potasiamu katika seli za tezi. Chumvi ikipita, maji huifuata. Hivyo kupe hubakiza kilicho kizito katika damu, na maji mengi ya ziada humrudishia ng'ombe kwa njia ya mate. Kupe jike huweza kufikia uzito wa mara mia moja ya ule aliokuja nao.

Sasa tazameni hatari yake. Mate yale yanayorudi ndiyo gari la kijidudu. Kiwanda kinapoanza, kijidudu nacho huamka na kujigawa, hata seli moja ya tezi ikatoa maelfu kwa maelfu. Kwa kawaida hukomaa na kutoka na mate mnamo siku ya tatu au ya nne. Kupe akifa kabla ya hapo, hajaambukiza. Akiachwa, kupe mmoja tu aweza kumuua ndama. Ndiyo maana huko Natal, Afrika Kusini, mwanzoni mwa karne ya 20 waliweka josho la kila siku tatu.

Wataalamu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliokuwa Muguga, karibu na Nairobi, waliitumia hesabu hiyo hiyo katika miaka ya 1970. Kupe wenye vijidudu hulishwa juu ya sungura kwa siku nne ili vijidudu vikomae, kisha husagwa, na maji yake hugandishwa kwa baridi kali. Ng'ombe huchomwa sindano ya maji hayo pamoja na oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu. Huugua kidogo au asiugue kabisa, na hubaki na kinga. Wafugaji wengi wa Kimasai kaskazini mwa Tanzania wamekwisha kuchanja ndama zao hivyo. Lakini chanjo haizuii magonjwa mengine ya kupe, josho halijafutwa.

Wanafunzi, mkifika kwenye somo la vimeng'enya msidhani ni la mtihani tu. Likizo hii tazameni masikio ya ndama wa nyumbani. Mkikuta kupe, waambieni wazazi wenu wasingoje wawe wengi, bali wamwone bwana mifugo mapema, nao wafuate kipimo cha dawa na siku za kuogesha atakazowapa. Barua kama ile niliyoipata mimi isimfikie mwingine katika bweni hili.