Mwanachuoni Aliyeuweka Kando Mswada Wake



Katika miaka ya 1950 mwalimu mmoja wa falsafa huko Marekani alimaliza kuandika mswada wa kitabu juu ya Socrates, yule mzee wa Athens aliyehukumiwa kunywa sumu mwaka 399 kabla ya Kristo. Kazi ilikwisha, lililobaki ni kuufikisha mswada kwa mchapaji. Mwalimu yule akausoma tena kwa makini, akaona kwamba haufai. Akauweka kando na hakuuchapisha kamwe. Kitabu chake juu ya Socrates kilitoka mwaka 1991, mwaka ule ule aliofariki dunia akiwa na umri wa miaka 84.

Mwalimu huyo aliitwa Gregory Vlastos. Alizaliwa mwaka 1907 mjini Istanbul, baba yake Mgiriki na mama yake Mskochi. Alikwenda Marekani kwa masomo, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1931, kisha akafundisha miaka 17 mjini Kingston nchini Kanada. Baadaye alifundisha Cornell, halafu Princeton tangu 1955 hadi 1976, na mwisho Berkeley. Maisha ya namna hiyo hayana vituko vingi vya kusimulia. Vituko vyake vimo ndani ya kazi yenyewe.

Wako watu, na si wachache, wanaouliza: mtu alipwaye mshahara ili asome vitabu vilivyoandikwa yapata miaka 2,400 iliyopita, anafanya kazi gani? Swali hilo halistahili kujibiwa kwa dharau, kwa sababu mshahara huo hutoka katika jasho la watu wengine. Wala haitoshi kujibu kwamba falsafa ni jambo tukufu, na kwamba hata neno lenyewe “falsafa” lilitoka kwa Wagiriki, likapita kwa Waarabu, ndipo likafika katika Kiswahili. Hapana budi kazi yenyewe itazamwe.

Mbele ya mwanachuoni wa aina hii pana maandishi ya Plato katika Kigiriki cha kale, yenye namba pembeni zilizotokana na toleo la mwaka 1578, ambazo wasomi wa Plato wa kila lugha huzitumia kuonyeshana mahali. Pana na kamusi nene. Neno moja hufuatwa kitabu hadi kitabu: limetumika wapi, limesemwa na nani, kwa maana gani, na je, maana ya vitabu vya mwanzo ndiyo ile ile ya vitabu vya mwisho? Wiki zaweza kupita, na matunda yake yakawa aya moja. Aya hiyo nayo yaweza kupinduliwa kesho na kijana aliyesoma vizuri zaidi.

Lakini neno moja huweza kuwa na uzito mkubwa. Mwaka 1941, angali Kanada, Vlastos alitoa makala juu ya utumwa katika fikra za Plato. Ni rahisi kwa mpenzi wa Plato kulipita jambo hilo upesi, aseme kwamba watumwa walikuwako kila mahali zama zile, kisha ageukie mambo ya uzuri na haki. Vlastos hakupita upesi. Aliuliza: mtumwa, machoni pa Plato, amepungukiwa na nini? Jibu alilolipata katika maandishi yenyewe ni kwamba mtumwa amepungukiwa na uwezo wa kueleza sababu. Aweza kuwa na wazo lililo sahihi, aweza kutenda ipasavyo, lakini hawezi kueleza kwa nini. Kwa hiyo, kwa mujibu wa Plato, ni heri kwake atawaliwe na ajuaye.

Katika kitabu kiitwacho Sheria, Plato anaeleza aina mbili za waganga. Yuko mganga mtumwa, awatibuye watumwa wenzake: hutoka kwa mgonjwa mmoja akakimbilia mwingine, hamwelezi mgonjwa ugonjwa wake wala hasikilizi maelezo yake, hutoa amri kama mtawala wa mabavu na kwenda zake. Yuko na mganga huru, awatibuye watu huru: humhoji mgonjwa na jamaa zake, hujifunza kutoka kwao, naye hampi dawa mpaka amemshawishi kwanza. Plato anawasifu waganga huru, na ni haki awasifu. Wala hashtuki kwamba mtumwa, anapougua, hutibiwa bila kuambiwa neno.

Hapo ndipo Vlastos alipotia kidole. Alionyesha kwamba mfano wa bwana na mtumwa haukubaki nyumbani kwa bwana. Plato aliupeleka katika dola, ambamo wenye maarifa huamuru na wasio nayo hutii. Akaupeleka katika nafsi ya mtu, ambamo mwili ni mtumishi wa roho. Akaupeleka hata katika maelezo yake ya ulimwengu. Mfumo wa uzalishaji mali wa Athens uliingia katika falsafa yake, ukakaa humo ukivaa mavazi ya heshima.

Mwaka 1968 Vlastos alilirudia jambo hilo kwa swali jembamba zaidi: je, katika dola bora ya kitabu cha Jamhuri mna watumwa? Wapo waliosema hamna. Vlastos alijibu kwamba mna, na katika ushahidi wake imo sentensi ambamo Plato anawaorodhesha wanaotimiza kila mmoja wajibu wake: mtoto, mwanamke, mtumwa, mtu huru, fundi, mtawala na mtawaliwa. Mtumwa yumo, katikati ya orodha. Anayesoma haraka haraka hamwoni.

Jambo la ajabu ni kwamba Plato huyo huyo, katika Meno, anamwonyesha Socrates akimwita kijana mtumwa na kumpa fumbo la jiometri. Pana mraba wenye upande wa futi 2, eneo lake 4. Upande wa mraba wenye eneo maradufu, yaani 8, ni upi? Kijana anasema 4. Anaonyeshwa kwamba eneo litakuwa 16. Anasema 3; eneo linakuwa 9. Anakiri kwamba hajui. Kisha, kwa kuulizwa maswali tu, anauona mstari wa kona hadi kona, na fumbo linateguka. Socrates anaongeza kwamba akiulizwa mara nyingi na kwa njia nyingi, kijana huyo atakuwa na maarifa sawa na mtu yeyote. Jina lake halitajwi popote. Somo likiisha, Socrates na Meno, bwana wake, wanaendelea na mazungumzo yao.

Vlastos hakuacha kumpenda Plato kwa sababu hiyo. Alijua kutofautisha kumpenda mwandishi na kumfichia aibu, jambo ambalo wasomi wengi limewashinda.

Naye hakujificha. Mwaka 1956, katika utangulizi alioandika kwa kitabu cha Protagoras, alikuwa ameeleza kwamba mbinu ya Socrates ya kuhoji huishia katika kuonyesha mgongano wa mawazo ya anayehojiwa. Mwaka 1983 alitoa makala mpya akasema wazi kwamba alikosea: Socrates aliamini kwamba kwa kuhoji anathibitisha uwongo wa wazo lenyewe, kwani kila mwenye wazo potovu anayo pia mawazo ya kweli yanayolipinga. Miaka 27 imepita, amekwisha kuwa mkubwa katika fani yake, watu wananukuu utangulizi ule, naye ndiye anayeupinga. Kujikosoa kwa namna hiyo ni nadra vyuoni, kama kulivyo nadra kwingineko.

Kukosolewa na wengine nako hakukumkimbiza. Mwaka 1978 alikihakiki kitabu cha Terence Irwin, aliyekuwa mwanafunzi wake Princeton, katika gazeti la Times Literary Supplement la London. Irwin alishikilia kwamba kwa Socrates wema ni njia tu ya kufikia furaha. Vlastos alikana, akisema wema wenyewe ndio kiini cha furaha hiyo. Mwanafunzi akajibu, mwalimu akajibu, na barua zikaendelea kuchapishwa kwa miezi kadhaa bila mmoja kumwachia mwenzake.

Alipofariki Oktoba 1991, kitabu cha pili juu ya Socrates kilikuwa hakijakamilika. Insha zilizokusudiwa kwa ajili yake zilihaririwa na Myles Burnyeat, zikatolewa mwaka 1994. Insha ya kwanza humo ni ile ya mwaka 1983, ambayo Vlastos alikuwa amekwisha kuipitia tena na kuirekebisha.