Mechi Husubiri Uwanja, Haiwasubiri Wakazi



Tarehe 27 Septemba 2023 Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, lilizipa Kenya, Uganda na Tanzania dhamana ya kuandaa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027. Hakuna hata moja kati ya nchi hizi tatu iliyowahi kuandaa fainali hizo, na nilifurahi kama mlivyofurahi. Nchi hizohizo zilikabidhiwa pia CHAN, michuano ya wachezaji wa ligi za nyumbani, iliyopangwa kuanza Februari 2025. Januari mwaka huo CAF ikaisogeza hadi Agosti, ikieleza kwamba viwanja na miundombinu vilihitaji muda zaidi. Uamuzi ulikuwa wa busara. Lakini ulituonyesha kwamba tarehe ya mashindano, ambayo viongozi wa miji hupenda kusema haiguswi, huguswa. Hungoja nyasi, hungoja taa, hungoja vyumba vya kubadilishia nguo. Katika miaka yote niliyofuatilia suala hili sijakutana na mashindano yaliyosogezwa kwa sababu familia zilizobomolewa zilikuwa bado hazijapata pa kulala.

Hoja yangu jioni ya leo ni hiyo. Soka halimtoi mtu nyumbani kwake. Kinachomtoa ni haraka ambayo mji unaitangaza kwa niaba ya soka: notisi ya miezi inakuwa ya siku, kikao cha wakazi kinakuwa tangazo la kipaza sauti, na fidia inakuwa ahadi. Kisha, wageni wakishaondoka, hakuna anayeliandika jambo hilo katika hesabu za mashindano, kwa kuwa ubomoaji ulifanyika kwa jina jingine.

Tuanze na Afrika Kusini, mwenyeji wa Kombe la Dunia la 2010. Kati ya uwanja wa ndege wa Cape Town na katikati ya mji inapita barabara kuu ya N2, na kando yake, Langa, kipo kitongoji cha Joe Slovo. Wakati ule kilikuwa na watu wapatao 20,000, wengi wao kwenye vibanda vya mabati na mbao. Mgeni akitoka uwanja wa ndege, kitongoji hicho kilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuviona. Serikali ilikuwa na mradi wa nyumba ulioitwa N2 Gateway, ulioanza kabla ya maandalizi ya Kombe la Dunia kupamba moto, na ilisisitiza kuwa lengo lake ni makazi bora. Tarehe 10 Juni 2009, mwaka mmoja na siku moja kabla ya mechi ya ufunguzi, Mahakama ya Katiba iliruhusu wakazi wahamishiwe Delft, mbali zaidi na katikati ya mji, kwa sharti kwamba washauriwe na kwamba asilimia 70 ya nyumba mpya zitakazojengwa pale ziwe zao. Wakazi hawakunyamaza. Mwaka 2011 mahakama ileile iliifuta amri yake, kwa kuwa serikali haikuitekeleza.

Huko Delft kwenyewe, manispaa ilikwishajenga eneo iliyoliita makazi ya muda. Wenyeji waliliita Blikkiesdorp, mji wa makopo. Chumba kimoja cha mabati kilikuwa na upana wa mita 3 na urefu wa mita 6. Vyumba vinne viligawana choo kimoja na bomba moja la maji. Cape Town mvua hunyesha wakati wa baridi, na bati halizuii baridi. Kiangazi kikija, bati hilohilo linawaka. Baba, mama, watoto na pengine bibi, wote humo. Walioishia pale walitoka sehemu mbalimbali za jiji, na si wote waliotolewa kwa sababu ya Kombe. Lakini eneo lilikuwepo, na mji wenye mahali pa kuwaweka watu usiotaka waonekane hauoni sababu ya kuongea nao. Kombe liliisha Julai 2010. Miaka mingi baadaye makazi hayo ya muda yalikuwa bado yamejaa watu.

Naomba tutulie kidogo kwenye suala la umbali, maana ndipo wapangaji miji wengi wanapoteleza. Wanapopima hasara ya mtu aliyehamishwa, wanapima kuta na paa. Yule mama aliyekuwa anafua nguo za watu mjini, au kijana anayesubiri kibarua asubuhi kwenye kona ambako matajiri wa ujenzi wanamjua kwa sura, anaishi kwa kuwa karibu. Ukimpeleka Delft, nauli ya kwenda na kurudi inakula ujira wa siku. Ukimpa chumba kizuri zaidi ya kile cha kwanza, bado umemfukarisha. Jirani aliyekuwa anamwangalizia mtoto hayupo tena, na duka lililokuwa linamkopesha unga limebaki kule.

Wapo pia ambao hawakuhamishwa nyumba, walihamishwa kazi. Kabla ya 2010, kinamama wa Johannesburg walikuwa wakiuza chakula nje ya Ellis Park siku za mechi, kama vile mama lishe wetu wanavyofanya nje ya Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Miji mwenyeji ilipitisha kanuni ndogo zilizoweka maeneo ya katazo kuzunguka viwanja ili kulinda biashara ya wadhamini. Mashindano yaliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza yakawa yale ambayo mpishi wa Kiafrika hakuruhusiwa kusogelea geti. Katika mzunguko wa miaka minne ulioishia 2010, FIFA iliingiza zaidi ya dola bilioni 4.

Ila Durban ina habari tofauti, nayo tuisikilize kwa makini. Pale Warwick Junction, ambako abiria wapatao 460,000 hupita kwa siku, lipo Soko la Alfajiri lililoanza 1910. Mboga, matunda, kuku hai. Jirani yake kinamama wa Kizulu huchemsha vichwa vya ng'ombe, huchambua nyama ya mashavu kwa kisu kifupi na kuiuza ikiwa moto. Mwaka 2009 manispaa ilitaka kuliondoa soko na kuweka jengo la maduka ya kisasa, na Kombe la Dunia likatajwa miongoni mwa sababu za haraka. Wafanyabiashara walipambana na polisi mitaani, kisha wakaenda mahakamani wakisaidiwa na wanasheria wa Legal Resources Centre. Jengo lile halikujengwa, na soko likaendelea. Walishinda kwa sababu wengi wao walikuwa na vibali, walikuwa na kamati, na walikuwa na watafiti waliokwishahesabu nani anauza nini, wapi, na anamlisha nani. Manispaa ilikuta watu wenye majina.

Majina peke yake, hata hivyo, hayatoshi. Vila Autódromo lilikuwa eneo la wavuvi na vibarua kando ya ziwa magharibi mwa Rio de Janeiro, likapakana na uwanja wa mbio za magari, mahali ambapo baadaye palijengwa Bustani ya Olimpiki ya 2016. Wakazi wengi walikuwa na hati za kutumia ardhi walizopewa na serikali ya jimbo miaka ya 1990. Sababu za kuwaondoa zilibadilika kila mara: mazingira, kituo cha wanahabari, ukanda wa usalama, barabara ya mabasi. Wakashirikiana na vyuo vikuu viwili vya umma, wakachora mpango wao wenyewe wa kuboresha eneo bila kuhamisha watu, kwa gharama ndogo kuliko ile ya kuwahamisha, na mwaka 2013 mpango huo ukapata tuzo ya kimataifa. Manispaa iliendelea kubomoa.

Katika mitaa maskini ya Rio watumishi wa idara ya nyumba walipita na rangi ya kupuliza, wakaandika kwenye kuta herufi SMH na namba. Sisi tuliokuwa Dar es Salaam Desemba 2015, bonde la Msimbazi lilipobomolewa, tunaikumbuka X nyekundu, kwa hiyo sina haja ya kueleza maana ya kurudi nyumbani jioni ukakuta ukuta wako umeandikwa. Kule Vila Autódromo, aliyekubali kuondoka alibomolewa mara moja, na kifusi kikaachwa palepale katikati ya waliobaki. Maji yakakatika, taa zikazimika, panya wakaongezeka. Aliyesema hatoki Januari akaondoka Juni. Mwanamke mmoja aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa upinzani alivunjwa pua katika makabiliano na askari Juni 2015, na nyumba yake ikabomolewa tarehe 8 Machi 2016, Siku ya Wanawake Duniani. Kati ya familia zaidi ya 500, zilibaki 20. Zilikabidhiwa nyumba ndogo nyeupe siku chache kabla ya sherehe za ufunguzi. Kwa jiji zima, takwimu za manispaa yenyewe zilionyesha kuwa zaidi ya familia 20,000 ziliondolewa kati ya 2009 na 2015. Ni ngapi kati ya hizo ziliondolewa na Olimpiki? Manispaa ilijibu: chache mno. Nyingine zilikuwa za barabara, za mafuriko, za maporomoko.

Jibu hilo nimelikuta kila mahali. Paris, kuelekea Olimpiki, kati ya Aprili 2023 na Mei 2024, muungano wa mashirika uitwao Le Revers de la Médaille ulihesabu watu zaidi ya 12,000 walioondolewa kwenye mahema, majengo matupu na mitaa ya mkoa wa Paris. Aprili 2023 lilifungwa jengo huko L'Île-Saint-Denis, karibu na kijiji cha wanamichezo, walimokuwa wakilala wahamiaji wapatao 500, wengi wao kutoka Chad na Sudan. Baadhi ya walioondolewa mkoani walipandishwa mabasi kwenda mikoa mingine. Mtu ambaye kibarua chake, daktari wake na kesi yake ya ukimbizi viko Paris akaamkia mji asioujua. Serikali ilisema hatua hizo hazihusiani na Olimpiki. Atlanta, kuelekea michezo ya 1996, wasio na makazi walipewa tiketi za basi za kwenda bila kurudi, na maelfu yao walikamatwa. Doha, Oktoba 2022, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia, wafanyakazi kutoka Asia na Afrika walitolewa kwenye majengo ya Al Mansoura. Wakazi wa jengo moja walisema waliambiwa usiku kwamba wana saa mbili za kukusanya vitu.

Kuna madhara mengine ambayo huja yakiwa yamevaa joho la huruma. Kabla ya Kombe la Dunia la Ujerumani 2006 zilienea habari kwamba wanawake 40,000 wangesafirishwa kwenda kuuzwa. Baada ya mashindano polisi wa Ujerumani walibaini kesi tano tu zilizohusishwa nayo. Idadi ileile, 40,000, ikatajwa tena kwa Afrika Kusini 2010. Usafirishaji haramu wa binadamu upo na unaumiza watu wetu. Lakini hofu inayopandishwa kwa takwimu zisizo na msingi huishia kwenye misako, na anayesombwa usiku ni yule dada anayesimama barabarani, ambaye baada ya hapo haendi tena kliniki kwa kuogopa kuonekana.

Sasa turudi kwetu, ambako bado kuna muda. Machinga wa Tanzania wanaikumbuka Oktoba 2021 walipoondolewa barabarani na kupelekwa kwenye maeneo maalumu, mengine yakiwa mbali na wateja. Nairobi, kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson kilibomolewa Novemba 2011, na ilichukua hadi Januari 2021 Mahakama ya Juu ya Kenya kutamka kwamba haki ya makazi inaweza kuwalinda hata wasio na hati waliokaa muda mrefu na kulea familia kwenye ardhi ya umma. Sheria ya ardhi ya Kenya inataka notisi isiyopungua miezi mitatu. Sheria nzuri ipo, lakini aliyebomolewa alikaa karibu miaka kumi akisubiri hukumu, na mechi za fainali huchezwa kwa mwezi mmoja.

Anayesahaulika zaidi kuliko wote ni mpangaji. Fidia humfuata mwenye nyumba. Familia iliyopanga chumba kimoja kwa miaka kumi na mbili, yenye watoto katika shule ya msingi ya mtaa huo, haimo kwenye daftari la mthamini. Inaondoka na godoro.

Kwa hiyo ombi langu ni la kazi. Kabla ya tingatinga lolote kuwashwa karibu na uwanja, barabara ya uwanja au hoteli ya timu, pawe na orodha ya wakazi na wafanyabiashara wa eneo hilo, imetengenezwa kwa kushirikiana nao na nakala ikiwa mikononi mwao: mwenye nyumba na mpangaji, miaka aliyokaa, anapofanya kazi na anafikaje, watoto wanasoma wapi, nani mgonjwa na anatibiwa kituo gani. Orodha hiyo iwe sehemu ya nyaraka za mashindano, na kila atakayehamishwa katika kipindi hicho ahesabiwe humo, iwe sababu iliyotajwa ni mtaro au bustani. Kamati za maandalizi ziulizwe hadharani kuhusu orodha hiyo kila zinapotoa taarifa ya viwanja.

Vyuo vya Rio vilifanya kazi ya namna hii kwa mtaa mmoja, vikiwa vimechelewa. Wanafunzi wetu wa mipango miji, sheria na sosholojia wanakwenda kwenye mafunzo kwa vitendo kila mwaka. Nimewaomba wakuu wa idara tatu kwamba mwaka huu waende kwenye mitaa inayozunguka viwanja, wakianzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa kinamama wa vibanda vya chakula, ambao wanamjua kila mpangaji. Fomu za majaribio ziko mezani pale mlangoni. Anayetaka kushiriki aandike jina lake na mtaa anaoufahamu vizuri; kikao cha kwanza ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, katika ukumbi huuhuu.