Mungu Aliyetufungulia Mlango: Hotuba ya Katibu katika Yubile ya Kwaya

 

 

Kwa kawaida hotuba ya katibu siku kama hii huwa ni hesabu. Tulianza wangapi, sare za kwanza zilishonwa lini, tulienda mashindano mara ngapi na nani alichelewesha basi. Hesabu hizo mtazikuta nyuma ya kijitabu hiki, pamoja na deni la kinanda ambalo halijaisha. Kwa miaka hii 25 sisi tunaomba ruhusa tusome mahali pamoja tu katika kitabu cha kumbukumbu za kwaya.

Ni mwezi wa tatu mwaka 2007. Kumbukumbu zinasema hivi: "Mazoezi yalikatizwa saa mbili na nusu usiku kwa sababu ya usalama. Yatarudiwa Jumamosi." Basi. Mistari miwili, sahihi ya mwenyekiti, sahihi ya katibu. Katibu wa wakati ule yuko hapa leo, ameketi na wazee, naye ndiye aliyetuambia kwanza kwamba mistari hiyo haikutosha. Wengi wetu tulio katika kamati ya sasa tulikuwa bado wanafunzi wa sekondari, tukiimba sauti za nyuma na kusukumana kwenye benchi. Lakini tulikuwepo. Kwa hiyo tunasema "sisi" bila kujitoa.

Vijana waliozaliwa baadaye wanastahili kuelezwa kidogo. Ukitoka nje ya kanisa hili na kutazama kaskazini, unauona mlima. Wazee wetu Wabukusu wanauita Masaba, wengine tunauita Elgon. Tangu miaka ya 1970 serikali ilikuwa ikiwagawia watu ardhi huko juu katika mpango wa makazi wa Chebyuk, na kila awamu ya ugawaji iliacha waliopata na waliokosa, na waliokuwa wamepata kisha wakaondolewa. Ulipofika ugawaji wa awamu ya tatu, mwaka 2006, uchungu uligeuka kuwa bunduki. Kundi lililojiita SLDF lilianza kutoza watu kodi, kuwafukuza mashambani, kukata masikio na kuua. Watetezi wa haki za binadamu walikadiria kwamba kundi hilo liliua watu zaidi ya 600. Maelfu kwa maelfu walishuka, na wengi walipitia hapa kwetu Sirisia, wakielekea Chwele, Kimilili na Bungoma, na magodoro kichwani.

Msomaji wa Biblia atakumbuka kwamba yubile ya kwanza kabisa, ile ya Mambo ya Walawi sura ya 25, ilihusu ardhi. Baragumu lilipigwa, na kila mtu akarudi kwenye shamba la baba zake. (Wanaojua watatusahihisha kwamba hiyo ilikuwa katika mwaka wa 50. Kweli. Sisi tumefika nusu, na tumeanza kupiga baragumu mapema kwa sababu wazee wetu wengine hawatangoja.) Tunalitaja kwa sababu tumesikia mara nyingi mahubiri yanayozungumzia uovu kana kwamba unakaa hewani tu. Sisi tulioishi chini ya mlima huu tumeuona ukikaa katika karatasi, katika orodha ya majina, katika mpaka wa shamba uliosogezwa usiku.

Turudi kwenye usiku ule.

Mvua ilikuwa imeanza kunyesha. Kanisa wakati huo lilikuwa la mabati tupu, na taa yetu ilikuwa karabai moja iliyoning'inizwa juu ya kinanda cha zamani. Tulikuwa tunajiandaa kwa Pasaka. Katikati ya wimbo, mlango ukabishwa. Tukanyamaza. Ukabishwa tena, na sauti ya mwanamke ikaomba maji kwa Kiswahili chenye lafudhi ya mlimani. Mtu mmoja akanong'ona, "Ni mtego." Siku hizo ilisemekana kwamba wenye bunduki humtanguliza mwanamke. Hatujui kama ni kweli. Ilisemekana tu, na sisi tuliamini. Mwingine akashika komeo kwa mikono miwili. Mwingine akazima taa.

Tukapiga magoti. Tafadhali msifikiri tulikuwa tunaomba. Tulikuwa tunajificha chini ya mabenchi.

Alibisha mara ya tatu. Tukasikia mtoto akilia, kisha kilio kikahama kutoka mlangoni kwenda ubavuni mwa kanisa, upande wa tangi la maji, kikabaki hapo. Tulikisikia kwa muda mrefu. Hakuna aliyefungua. Tulikuwa watu 19 ndani ya nyumba ya Mungu, wenye sauti nne zilizopangwa vizuri, na hakuna hata sauti moja iliyojibu.

Alfajiri tulifungua. Mama alikuwa ameketi chini ya michirizi ya mabati na watoto watatu, mdogo akiwa amefungwa mgongoni kwa leso iliyolowa. Tulipomkaribisha ndani hakutulaumu. Alisema, "Niliwasikia mkiimba, ndiyo maana nikaja. Taa ilipozimika nilidhani mmetokea mlango wa nyuma."

Kanisa lile halikuwa na mlango wa nyuma.

Mtoto mdogo alikuwa amebanwa kifua. Mmoja wetu alimkimbiza hospitalini kwa baiskeli, mama ameketi nyuma na mtoto kifuani, na kwa siku saba hatukujua kama ataishi. Tulikuwa tumepanga kukesha kwa maombi ya Pasaka, tulikesha mapema. Siku hizo saba hakuna aliyeweza kuimba. Mwalimu wetu wa kwaya, ambaye sasa ni marehemu, alijaribu kuanzisha wimbo Jumamosi, akafika mstari wa pili, akaketi. Kisha mama akarudi kutoka hospitalini na mtoto hai. Yule mtoto leo ni kijana mrefu kuliko mlango ule wa zamani, anajifunza ufundi wa magari mjini Kitale. Mama yake yuko mstari wa mbele wa alto. Ni yeye aliyeturuhusu kusema haya, tena alituambia tusiyapunguze.

Tumelifikiria jambo hili miaka mingi. Tulikuwa tumefundishwa, na sisi wenyewe tukafundisha shule ya Jumapili, kwamba Mkristo yuko ndani na uovu uko nje, na kazi yetu ni kufunga mlango vizuri. Usiku ule tulifunga mlango vizuri sana. Nje walikuwa mama na watoto. Ndani walikuwa woga na chuki ya kabila lisilo letu, vimeketi benchi moja na sisi, vimeshika kitabu cha nyimbo. Mtume Paulo, katika Waefeso 6, anaeleza kwamba adui tunayeshindana naye hana mwili wa mtu. Tulikuwa tunakijua kifungu hicho kwa moyo. Lakini masikio yetu yalikuwa yamempa adui lafudhi.

Ndiyo sababu tunapoimba leo juu ya upendo wa Mungu unaookoa, hatuimbi kama watu waliowahi kumwokoa mtu. Paulo anawaambia Warumi, sura ya 5, kwamba Kristo hakungoja tuwe wema ndipo afe kwa ajili yetu. Alikufa tulipokuwa upande wa adui. Zamani tulisoma maneno hayo tukiwawazia watu wengine, walevi wa chang'aa na wenye bunduki. Asubuhi ile tulijua yanatuhusu sisi. Na msaada wa Mungu ulikuja kwa njia ambayo hatukuipenda: alimweka tuliyemkosea katikati yetu, kila Jumapili, akiimba.

Haikuwa rahisi baada ya hapo, na tusidanganyane. Ndugu yetu mmoja wa besi alikuwa na kaka aliyekodi shamba huko juu, na kaka yake aliuawa mwaka ule ule. Mama alipojiunga na kwaya, ndugu huyu alivumilia Jumapili mbili. Ya tatu alivua joho, akalikunja taratibu kama mtu anayekunja nguo ya marehemu, akaliweka kwenye benchi na kutoka. Hakusema neno baya. Alisema tu kwamba lugha ile anaisikia usingizini.

Kamati ilikaa hadi usiku. Wengine walipendekeza mama aombwe kusubiri kidogo, mpaka mambo yatulie. Walisema kwa nia njema. Mwalimu wa kwaya akasema, "Kama kuna wa kuondoka, tuanze na sisi tuliozima taa." Mkutano ukaishia hapo. Hilo nalo halimo kwenye kumbukumbu.

Tulimtembelea yule ndugu nyumbani. Mara ya kwanza tulimhubiria, na alitusikiliza kwa adabu, akatupa chai, akatusindikiza. Mara ya pili tulikwenda na majembe. Mahindi yake yalikuwa yamemezwa na magugu kwa sababu tangu msiba hakuwa na nguvu ya kwenda shambani. Tukapalilia siku mbili. Hatukuimba wala kunukuu kifungu. Tunaamini kwamba hayo yalikuwa mahubiri bora zaidi tuliyowahi kutoa, ingawa mgongo uliuma wiki nzima.

Mwishoni mwa mwaka ule mama alifiwa na baba yake, na kwa kuwa haikuwezekana kumzika mlimani, alizikwa huku. Kulipopambazuka siku ya maziko, waliofika kuchimba kaburi walimkuta mtu tayari yuko ndani hadi kiunoni. Alikuwa ndugu yetu wa besi. Jumapili iliyofuata alichukua joho lake. Mpaka leo hatujamsikia akitamka neno "nimesamehe", na hatumdai. Anaimba. Kati yake na Mungu kuna mambo ambayo si ya kamati.

Watu hupenda kutukumbusha habari za mfalme Yehoshafati katika 2 Nyakati 20, jinsi alivyowaweka waimbaji mbele ya jeshi na Mungu akawapa ushindi. Ni kifungu cha kila yubile ya kwaya, na sisi pia tunakipenda. Lakini kabla ya kuwapanga waimbaji, mfalme alisimama mbele ya watu wote na kukiri kwamba hawana nguvu na hawajui la kufanya. Na waimbaji wale hawakubeba upanga. Mtu akiimba mbele ya jeshi bila silaha, ama ni mjinga, ama kuna mwingine anayepigana. Kwaya iliyoficha rungu chini ya joho haitaona ushindi wa namna hiyo.

Tunasema hivyo kwa sababu sisi pia tulipenda rungu. Machi 2008 serikali ilipoleta jeshi mlimani katika Operesheni Okoa Maisha, tulishangilia helikopta zilipopita juu ya soko. Mwezi wa tano kiongozi wa SLDF aliuawa, na kweli bunduki zilinyamaza, na watu wakaanza kurudi makwao. Kwa hilo tulimshukuru Mungu. Lakini ripoti za haki za binadamu ziliandika pia juu ya wanaume waliokusanywa kwa mamia, walioteswa, na wale ambao wake zao wanawasubiri hadi leo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipokuja kusikiliza watu wa Mlima Elgon mwaka 2011, wajane wa pande zote walitoa ushahidi. Tangu hapo kwaya hii haipigi makofi upesi.

Kuna vita vingine vya leo ambavyo mnavijua: kamari ya simu inayokula karo, chang'aa, mikopo ya bodaboda inayowafanya vijana wetu kutoroka Lwakhakha usiku. Hatutavimaliza kwa hotuba. Ila kuna jambo moja linalokuja na tarehe yake, nalo ni uchaguzi wa 2027. Tutaletewa sare mpya na mabahasha. Tutaambiwa tuimbe katika mikutano, na baada ya wimbo atasimama mtu atuambie jirani yupi si wetu. Kamati imekubaliana kwamba kwaya hii haitaimba huko. Deni la kinanda tutalilipa wenyewe, hata kama ni kwa mayai.

Tunakaribia mwisho, maana tunaona akina mama wa jikoni wanatuashiria.

Tunaomba wale wote waliokuwa ndani ya kanisa usiku ule wasimame. Tulikuwa 19, sita wametangulia mbele za Bwana, watatu wako mbali. Asanteni. Mama, tafadhali simama nawe.

Kitabu cha kumbukumbu kiko hapa mezani. Chini ya ile mistari miwili tumeandika mwingine kwa kalamu nyekundu, kama walimu tunavyosahihisha: "Mlango ulibishwa mara tatu na mama mwenye watoto watatu. Hatukufungua. Yeye alitusamehe, na Mungu alitusaidia." Sasa, kwa utaratibu wa kwaya, tunaomba mmoja apendekeze kumbukumbu zilizosahihishwa zikubaliwe, na mwingine aunge mkono. Baada ya hapo alto wataanza, na mlango ubaki wazi ingawa mvua inakuja.