Chanjo Kabla ya Tiketi

Kijana wa Kiirua, kaunti ya Meru, anayepata kazi Saudia huhangaikia kwanza pasipoti, viza na tiketi. Sindano ya homa ya manjano huachwa hadi mwisho, pengine siku mbili kabla ya ndege. Hapo amechelewa: cheti (kadi ya chanjo) huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na Saudia hukidai kwa wanaotoka Kenya.

Wapo wanaoiona kadi hiyo kuwa karatasi ya kumridhisha afisa wa uwanja wa ndege tu. Sivyo. Machi 2022 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa homa ya manjano Isiolo, kaunti inayopakana na Meru. Hiyo ni jirani kabisa na Kiirua. Tena mbu anayeeneza homa hiyo huuma mchana, kwa hiyo neti ya usiku haitoshi.

Tangu Julai 2016 cheti hakiishi muda. Sindano moja hutosha maisha yote. Kadi ya kununua vichochoroni bila kuchanjwa, je? Huo ni ulaghai, na anayeumia ni mnunuzi.

Mwenye mkataba mkononi na aende kwanza kwenye kituo cha chanjo kilichoidhinishwa, ndipo alipie tiketi.