Mnazi Haupo, Jina Lipo



Kila siku tunamsikia konda anaita "Mnazi Mmoja!" nasi tunashuka. Mnazi wenyewe uko wapi? Haupo. Ulisimama peke yake, uwanja ukapata jina. Mnazi mrefu hufika hata mita 25, basi wa peke yake huonekana mbali. Hapo TANU ilifanya mikutano miaka ya 1950, wakati Bibi Titi Mohamed anawakusanya akina mama. Sasa barabara ya pembeni ina jina lake. Hata Mkunguni na Mchikichi, hapa hapa Kariakoo, ni majina ya miti. Leo ni maduka na mikokoteni.

Sisi wa pwani tunajua: mnazi una kichilema kimoja tu. Ukikikata, kitamu kweli, lakini mti umekufa, hauchipui tena.

Sasa wapo wenzetu wanataka tutimize miaka 10 kwa kugawana akiba yote. Ada za shule zinabana, hilo hatulikatai. Sisi wa kamati tunasema faida tuiangue, tugawane leo leo, ila kianzio tusikiguse.

Kura ni baada ya pilau. Kila mama aje na kitabu chake.