Kurudi kijijini bila haki si kurudi
Maneno juu ya haki za Watwa, ardhi na wajibu wa serikali, yaliyosemwa mbele ya familia zilizohamishwa na viongozi wa vijiji, jimbo la Tanganyika

 

Kazi yetu inatupitisha katika vijiji vya Wabantu na vya Watwa, na katika vituo ambamo watu wote wawili wamekimbilia. Maswali tunayopewa yanafanana: Tutarudi lini? Tutalima wapi? Nani atatulinda? Lakini siku hizi kuna swali lingine linalosemwa kwa sauti ya chini: «Kwa nini Watwa wamepewa sheria yao peke yao? Sisi hatukuchomewa nyumba?» Swali hilo tusilifiche. Likifichwa, litazaa ugomvi siku ya kurudi. Leo tunataka kulijibu wazi.

1. Watu wa asili ni nani?

Katika nchi yetu, sheria inaita «watu wa asili Wapigme» wale tunaowajua kwa majina ya Watwa, Wambuti, Wacwa, Wabambote na mengine. Maisha yao yalishikamana na msitu: kuwinda, kuchuma viwavi, uyoga na asali, kutafuta dawa za miti. Jina «mbilikimo» wengi wao hulisikia kama tusi, basi tuliache. Mtu huitwa kwa jina analojiita mwenyewe.

Kuwaita watu wa asili hakusemi kwamba wengine wote ni wageni katika Kongo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema Wakongomani wote wako sawa mbele ya sheria. Maana yake ni kwamba kuna watu ambao, kwa sababu ya namna yao ya kuishi, walipoteza ardhi yao bila mtu kuona kwamba kuna kitu kimechukuliwa. Mkulima akinyang'anywa shamba, kila mmoja anaona mipaka na mihogo. Mtwa akinyang'anywa msitu, watu husema: «Hapakuwa na kitu pale.»

2. Ardhi yao ilipotea namna gani?

Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya serikali. Juu ya ardhi ambazo wenyeji wanazishika kwa desturi, sheria hiyo iliahidi kwamba amri ya rais itakuja kueleza haki zao. Miaka makumi ilipita bila amri hiyo kutolewa. Katika nafasi hiyo iliyoachwa wazi, mwenye karatasi alimshinda mwenye desturi, na mwenye chifu alimshinda asiye na chifu. Watwa mara nyingi hawakuwa na karatasi wala chifu anayetambuliwa.

Tuchukue mfano wa Kahuzi-Biega, katika Kivu ya Kusini. Mwaka 1970 serikali iliufanya msitu ule kuwa mbuga ya taifa, hekta 60.000. Mwaka 1975 ikaupanua hadi hekta 600.000. Watwa waliokuwa wakiishi mle wakatolewa, bila kukubali na bila kupewa ardhi nyingine ya kuwatosha. Wengi wakawa vibarua katika mashamba ya watu wengine, kandokando ya msitu wa babu zao. Mwaka 2018 baadhi yao walianza kurudi ndani ya mbuga kwa nguvu, na damu ikamwagika: ya Watwa, na ya walinzi wa mbuga pia.

Lakini kuna njia nyingine iliyofuatwa, ile ya sheria. Shauri lilipelekwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu. Mwaka 2024 uamuzi wake ulitangazwa: serikali ya Kongo ilivunja haki za Watwa wa Kahuzi-Biega, na Tume ikaitaka iwarudishie ardhi yao na kuwalipa fidia. Uamuzi kwenye karatasi haujawa bado shamba wala nyumba. Hata hivyo una uzito mkubwa: tangu sasa hakuna mtu anayeweza kusema kwamba watu wale walikuwa wavamizi tu.

3. Yaliyotupata hapa Tanganyika

Hapa kwetu shida haikuwa mbuga. Shida ilikuwa katika maisha ya kila siku. Tuseme ukweli, hata kama unauma. Mtwa alilima shamba la Mluba kutwa nzima na kulipwa mihogo kidogo, chumvi au pombe. Mwanaume Mluba aliweza kumchukua binti wa Kitwa bila mahari, lakini Mtwa akitaka kumuoa binti wa Kiluba, kelele zilijaa kijiji. Mtwa hakukaa kwenye kiti kimoja na wengine, hakunywa katika kikombe kimoja nao. Kambi yake ilihesabiwa chini ya kijiji cha jirani, na mwenye kusema kwa jina lake alikuwa mtu mwingine.

Toka mwaka 2013 hasira ile iligeuka vita kati ya vikundi vya Watwa vyenye mishale na vikundi vya Waluba. Tarehe 30 Aprili 2015 kituo cha wakimbizi Watwa kule Nyunzu kilishambuliwa na kuchomwa, watu 30 au zaidi wakauawa. Mwaka 2016 moto uliwaka upya, na moja ya sababu ilikuwa ushuru uliotakwa juu ya viwavi wanavyochuma Watwa. Vijiji vya Waluba navyo viliungua, akina mama walitekwa, watoto walikufa kwa mishale. Mwaka 2017 waliohamishwa katika jimbo letu walipita 600.000. Hesabu hiyo ina Waluba wengi, Watwa na makabila mengine. Tembo wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia. Safari hii nyasi zilikuwa sisi sote.

Februari 2017 serikali iliita kongamano hapa Kalemie, pande zote mbili zikakaa na kukubaliana juu ya njia ya amani. Mabaraza ya vijiji yakaundwa, wajumbe wa Watwa na wa Waluba wakiketi pamoja. Mahali ambapo baraza lilifanya kazi yake sawasawa, watu walirudi na kulima. Mahali ambapo baraza lilikuwa jina tu, wenye hasira walirudi porini.

Tunajifunza nini? Vita havikuanza kwa sababu Watwa wana roho mbaya au Waluba wana roho mbaya. Vilianza kwa sababu dhuluma ilizoeleka hadi ikaitwa desturi, na serikali iliiona ikanyamaza.

4. Sheria zinasema nini leo?

Kwanza, katiba yetu, kifungu cha 51, inaipa serikali wajibu wa kuhakikisha makabila yote yanaishi pamoja kwa amani, na wa kulinda vikundi vilivyo hatarini na walio wachache.

Pili, tarehe 13 Septemba 2007 Umoja wa Mataifa ulipitisha Tangazo la haki za watu wa asili. Kongo ilikuwa kati ya nchi 144 zilizopiga kura ya ndiyo.

Tatu, kuna Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022. Bunge la taifa liliipitisha mwaka 2021, Seneti mwaka 2022, na Rais Félix Tshisekedi akaitangaza. Inatambua desturi za watu wa asili na dawa zao za miti. Inataka wasaidiwe kufika shuleni, hospitali na mahakamani. Inatambua haki yao juu ya ardhi na mali ya asili wanayoishika au kuitumia. Na inasema wasihamishwe bila kukubali wenyewe: wakubali kwa hiari, mbele ya kazi kuanza, baada ya kuelezwa yote kwa lugha wanayoisikia. Kumwita mzee mmoja ofisini, kumpa soda na kumshikisha kalamu, huko si kukubali.

Nne, kwa sisi tuliohamishwa, kuna Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani. Zinasema kurudi kuwe kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima, na waliohamishwa washiriki katika kupanga kurudi kwao. Kanuni ya 9 inasema serikali ina wajibu wa pekee kuwakinga dhidi ya kuhamishwa watu wa asili, walio wachache, wakulima, wafugaji na wengine ambao maisha yao yameshikana na ardhi. Angalieni: Mtwa yumo, na mkulima Mluba yumo, katika mstari mmoja.

5. Je, sheria hii inampokonya mtu mwingine?

Sasa turudi kwenye lile swali. Hapana, haimpokonyi mtu. Shule ya msingi ya serikali ni bure kwa watoto wote. Katiba ndiyo inasema, na toka Septemba 2019 serikali ilianza kuitimiza. Lakini mtoto wa Kitwa anayechekwa darasani hadi akimbie, kwake yeye ule ubure hauna faida. Mahakama ni ya wote. Lakini asiyejua kusoma, asiye na karti, hapiti mlangoni. Sheria ya mwaka 2022 haimpandishi Mtwa juu ya jirani yake. Inamtoa shimoni ili wasimame pamoja.

Na haimfichi mwenye kosa. Aliyeua, aliyebaka, aliyechoma nyumba, awe Mtwa au Mluba, anapaswa kujibu mbele ya mahakama kwa jina lake mwenyewe. Kabila halina shingo ya kufungwa kamba. Tukilipiza juu ya kabila zima, mwenye kosa anajificha katikati ya wasio na kosa, na vita vinapata chakula kipya.

6. Tufanye nini?

Kwa serikali. Wakuu wa teritwari na watumishi wa serikali mlio hapa, tunasema kwa heshima: sheria iliyobaki Kinshasa haimsaidii mtu wa Nyunzu, Manono wala Kabalo. Isomwe vijijini kwa Kiswahili, kwa Kiluba, na kwa lugha za Watwa. Kambi za Watwa zinazotaka kuwa vijiji zitambuliwe, na kiongozi wao aandikwe. Ushuru usio na sheria ukomeshwe, wa viwavi na wa vizuizi vya barabarani.

Kwa machifu na wakuu wa vijiji. Gawanyeni ardhi kabla ya mvua, msingoje watu wakutane na majembe mkononi. Wajumbe wa pande zote mbili, wanaume na wanawake, watembee pamoja kwenye mipaka, wataje mito, miti na makaburi, kisha waandike na kutia sahihi au alama ya kidole. Nakala moja ibaki kwa chifu, moja kwa Watwa, moja katika ofisi ya sekta au sheferi.

Tena, amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya wenyeji kuomba msitu wake mpaka hekta 50.000, bila malipo na bila mwisho wa muda. Njia hiyo ni nzuri, lakini ina mtego. Kijiji chenye chifu kikiomba peke yake, msitu wa Watwa unaweza kuandikwa kwa jina la jirani. Ndiyo sababu orodha ya koo zinazoomba ionyeshe Watwa pia, na wawe ndani ya kamati inayousimamia.

Kwa familia, za Watwa na za wengine. Andikisheni watoto. Ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa ni bure. Zikipita, mtaambiwa mtafute hukumu ya mahakama, na hapo gharama zinaanza. Tunzeni kila karatasi: karti ya mpiga kura, jetoni ya kituo, cheti cha shule. Mkiombwa kurudi, ulizeni kwanza: usalama ukoje, ardhi yetu nani anailima, kisima na shule viko? Asiyejibiwa asilazimishwe kupanda gari. Na ukikuta mtu katika shamba lako, mpeleke barazani, usimpeleke kaburini. Pengine naye alikimbia kwao.

Akina mama, tunawapa ninyi kazi ya pekee. Ninyi hukutana sokoni na mtoni hata wakati wanaume wamekataa kusalimiana. Kibarua wa Kitwa akilima kwako siku moja, mlipe siku moja sawa na mwingine yeyote. Hapo ndipo sheria ya mwaka 2022 itaanza kuonekana kijijini, kabla hakimu hajafika.

Ndugu zetu, kidole kimoja hakivunji chawa. Serikali ina deni, na tutaendelea kuidai kwa njia ya amani: kwa barua, kwa baraza, kwa mahakama. Lakini kuna deni lingine ambalo kila mmoja wetu anamdai jirani yake, la kutazamana kama watu. Tukirudi vijijini na deni hilo halijalipwa, tutakuwa tumehamisha tu kituo chetu kutoka hapa hadi kule. Tukililipa, basi tutakuwa tumerudi nyumbani.

Sasa ni zamu yenu kuuliza, kusahihisha na kuongeza.